Maziwa Yaliyokosa Mnunuzi

Mgeni akifika kwetu, nje kidogo ya Mnazi Mmoja ya Lindi, pale barabara inapogawanyika, moja ikishika njia ya Mtwara na nyingine ikielekea Masasi, jambo la kwanza analouliza ni wapi tunapotengenezea sabuni. Tunamwonyesha chumba kidogo cha matofali chenye meza moja, mizani na rafu za mianzi, naye aghalabu huondoka na sura ya mtu aliyepunjwa, kwa maana alitazamia kiwanda. Hajui kwamba chumba kile hufunguliwa kwa kazi siku moja au mbili kwa wiki, na kwamba muda wetu mwingine wote, pamoja na asubuhi na jioni za siku hizohizo za sabuni, ni wa mbuzi. Nimekuwa nikiulizwa sana kuhusu sabuni, lakini aliyeuliza kuhusu sabuni bila kuuliza kuhusu mbuzi ameshika mkia wa habari.

Kusini si nchi ya wafugaji. Mbung'o walikuwa wengi katika misitu yetu, na babu zetu, wawe Wamwera, Wamakonde au Wayao, walilima mtama, mihogo na baadaye mikorosho na ufuta, wakafuga kuku na mbuzi wachache wa kufunga kamba nyuma ya nyumba. Makundi makubwa ya ng'ombe tumeyaona kwa wingi baada ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, Mbeya, na wengi wao kuelekezwa mkoa wa Lindi. Kwa hiyo mbuzi, kwa mtu wa huku, ni akiba ya shughuli: akika, Idd, harusi, mgeni mzito, au mtoto anapotakiwa shule na hakuna fedha. Mume wangu alipoleta mbuzi wa maziwa kutoka milima ya Mgeta, Morogoro, ambako mbuzi wa Kinorwe wamefugwa tangu miaka ya 1980, bibi mmoja jirani yetu alikuja kuwatazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kimya akitazama mikono yangu ikikamua, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mbuzi anachinjwa. Hili la kumkamua mmelitoa wapi?"

Swali lake lilikuwa la kweli kuliko nilivyodhani siku ile. Tuliwaleta mbuzi kwa ajili ya maziwa ya watoto, na watoto walikunywa, lakini mbuzi hao walipozaana na chotara wao kuanza kukamuliwa, maziwa yalizidi nyumba. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Lindi hakuna soko la maziwa ya mbuzi. Mtu wa pwani hupika kwa tui la nazi, hunywa chai ya rangi, na akitaka maziwa hununua ya unga dukani. Ukimpa ya mbuzi huyanusa kwanza, halafu hukushukuru kwa adabu na kuyaweka pembeni. Zaidi ya hayo, kwa joto la huku, maziwa yaliyokamuliwa alfajiri bila kupozwa huwa yameanza kuchacha kabla ya adhuhuri. Mtindi tulijaribu, ukapata wateja wachache ambao nao hawakuwa wa kila siku. Sabuni ilikuja kama njia ya kuyahifadhi maziwa kwa miezi mingi bila kuyanywa, wala haikuwa ndoto ya mtu yeyote katika familia yetu kuwa watengeneza sabuni.

Siku huanza kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu mbuzi hukamuliwa vizuri wakati wa ubaridi na kabla ya nzi kuamka. Kila jike hupandishwa kwenye kijukwaa cha mbao, shingo yake ikaingizwa kwenye kibano mbele ya ndoo ya pumba, kisha kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa kwa kitambaa chake mwenyewe, maana kitambaa kimoja kwa mbuzi wote ni njia fupi ya kusambaza ugonjwa wa kiwele. Michirizi miwili mitatu ya mwanzo haiingii chomboni, huangushwa juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa juu ya kikombe. Maziwa mazima hupenya na kuacha unyevu tu. Yakiacha mabonge madogo kama chembe za mchele uliopondeka, au nyuzinyuzi, au rangi ya waridi, mbuzi huyo hukamuliwa wa mwisho, maziwa yake humwagwa, na mtaalamu wa mifugo huitwa siku hiyohiyo. Binti yangu mkubwa analijua jambo hili kunishinda. Yeye hutambua kwa vidole, kabla ya kitambaa, kwamba upande mmoja wa kiwele una joto kuliko mwingine.

Mbuzi wa kienyeji hutoa maziwa ya kumtosha mtoto wake na kikombe cha kuongezea. Chotara wetu, akishiba na akiwa katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, hutoa lita moja na nusu, na aliye hodari hufika mbili. Hubeba mimba miezi mitano, na miezi miwili ya mwisho tunaacha kumkamua ili mwili wake ujenge mtoto, kwa hiyo ukitaka maziwa mwaka mzima lazima upange nani apandwe lini. Beberu hukaa banda la mbali, upande ambao upepo hauleti harufu yake kwa majike. Ufugaji wote wa maziwa unaweza kuharibiwa na beberu mmoja anayejisugua kwa kila mbuzi anayekamuliwa, kwa sababu harufu ile huingia katika maziwa, na mnusaji wa Lindi, kama nilivyosema, anatafuta sababu tu.

Chakula ndicho kinachokula mchana wetu. Mbuzi ni mnyama wa kuchungulia matawi, halishi chini kama ng'ombe, na ukimlazimisha kula majani mafupi ya ardhini unampa minyoo pamoja na chakula. Tumepanda milusina, miti ya malisho, mpakani mwa shamba, tunaikata na kuining'iniza bandani. Chicha ya nazi na mashudu ya ufuta hukamilisha mlo wa wanaokamuliwa. Kwa mashudu hatuna shida, kwa kuwa Lindi ni mkoa wa ufuta na mashine za kukamua haziko mbali. Majani ya mihogo huanikwa juani kwanza hata yanyauke kabisa, kwa sababu mabichi, hasa ya ile mihogo michungu, yana sumu inayoweza kumwangusha mbuzi katika muda mfupi. Mabibo nayo yana msimu wake. Kuanzia Oktoba korosho zinapookotwa, mabibo hujaa chini ya kila mti na mbuzi huyapenda kupita kiasi. Akiachiwa ajile atakavyo tumbo humjaa gesi, kwa hiyo tunayakatakata na kumpimia. Ila miezi ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, miti inapochanua, hakuna mbuzi anayefungwa chini ya mkorosho, uwe wetu au wa jirani, kwani unga ule wa njano hutua kwenye majani yote ya chini.

Banda limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa ya mbao zilizoachiana nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke chini na kwato zibaki kavu. Samadi huzolewa kila Jumamosi. Sisemi uongo nikisema kwamba bustani za mchicha za majirani zinaidai samadi hii kwa bidii kuliko mjini wanavyoidai sabuni.

Kuna jambo la ugonjwa ambalo mfugaji yeyote wa kusini hana budi kulijua. Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi, na haikuchukua muda kufika huku kwetu, Newala na Tandahimba, ikihusishwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ugonjwa huo huanza kwa homa na makamasi, ukafuatiwa na vidonda vya mdomo, kuhara na kichomi, na zizi zima huweza kumalizika. Chanjo yake ipo, na dozi moja humkinga mbuzi kwa takriban miaka mitatu, lakini bado nawasikia watu wakisema mbuzi wa kienyeji hahitaji sindano. Kwetu mbuzi mgeni, awe amenunuliwa au amerudishwa na ndugu, hukaa peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake, hata mwenye kumleta akinuna.

Sasa nije kwenye sabuni. Kemia yake ni ya kale na si ngumu: mafuta yakikutana na magadi makali, yaani kostiki soda, hugeuka kuwa sabuni na gliserini, na kila aina ya mafuta inahitaji kiasi chake mahususi cha kostiki. Kwa kilo moja ya mafuta sisi huchanganya gramu 500 za mafuta ya nazi kwa ajili ya povu na ugumu, gramu 300 za mawese ili kipande kisiishe haraka, na gramu 200 za mafuta ya ufuta kwa ulaini. Hesabu kamili ya mchanganyiko huo ni gramu 160 za kostiki, nasi tunaweka 152, ili asilimia 5 hivi ya mafuta ibaki bila kugeuzwa na ngozi isikakamae. Maziwa huwa gramu 330, yanayochukua nafasi ya maji yote. Anayepima kostiki kwa kijiko cha chai anacheza na ngozi za watu, na nimeshika sabuni za namna hiyo sokoni zikaniwasha vidole.

Ugumu uko kwenye maziwa. Kostiki ikiingia katika kimiminika huzalisha joto kali, na sukari iliyomo katika maziwa huungua, yakawa rangi ya chungwa na kutoa harufu ya amonia inayofukuza watu chumbani. Dawa yake ni kuyagandisha maziwa hata yawe mawe, kisha kuinyunyiza kostiki juu yake kidogo kidogo, ndoo ikiwa imekaa ndani ya beseni la maji baridi, huku ukikoroga mpaka barafu yote iyeyuke taratibu. Kazi hiyo huchukua karibu nusu saa na haiharakishwi. Mkorogaji huvaa miwani, glavu ndefu na nguo za mikono mirefu, watoto hawaingii, na mlango hufungwa kwa komeo. Vyombo vyote ni vya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za kawaida za jikoni ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu huku ikitoa gesi inayoweza kulipuka. Nawasihi wanaojifunza kwa video za simu walizingatie hili kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa video nyingi zimetengenezwa na watu wasio na sufuria za aina hiyo.

Kugandisha maziwa kunahitaji umeme, na kwa miaka mingi umeme wa Lindi na Mtwara ulitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, tukiwa kando na gridi ya taifa. Mtambo ulipokorofisha, mikoa miwili ilikaa gizani. Kwa sababu hiyo jokofu letu halifunguliwi ovyo: maziwa hugandishwa katika mifuko midogo iliyoandikwa tarehe na uzito, hupangwa yakigusana ili yalindane, na watoto wanaotaka maji baridi huelekezwa kwenye mtungi.

Mafuta ya nazi ni mali ya mama mkwe. Hukaa juu ya kibao cha mbuzi tangu asubuhi akikuna, akakamua tui, akaliacha usiku kucha, na alfajiri akaengua tabaka zito la juu na kulichemsha kwa moto mdogo mpaka makapi yawe ya hudhurungi na mafuta yawe maangavu. Lita moja hutaka nazi kati ya 12 na 15, kufuatana na ukubwa wake. Nilipomwambia kwamba mafuta ya kiwandani yangetupunguzia kazi aliniuliza kama hayo ya kiwandani yananukia nazi, nami sikuwa na jibu la kumridhisha. Ana hoja nyingine iliyo bora kuliko ya harufu. Visima vingi vya mwambao huu vina maji ya chumvi, ambayo sabuni ya kawaida hukataa kutoa povu ndani yake na kuacha utando mweupe beseni nzima, lakini sabuni yenye mafuta mengi ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari. Akina mama wa kando ya bahari walitununua kwa sababu hiyo kabla hawajajali maziwa ya mbuzi yana faida gani.

Mchanganyiko ukishakorogwa hushika uzito wa uji wa mtoto, humiminwa katika fremu za mbao zilizotandikwa karatasi, na kesho yake hukatwa kwa waya. Vipande husimama kwenye rafu wiki nne hadi sita vikikomaa. Hapa msimu ndio bwana. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkavu na wa baridi kiasi, na kipande huwa kigumu ndani ya mwezi. Masika yakiingia, gliserini huvuta unyevu wa hewani na kila kipande hutoa jasho matone kwa matone, hata mteja akadhani kimemwagiwa maji. Basi tunatengeneza kwa wingi wakati wa kusi na kuuza akiba hiyo wakati wa mvua. Majike nayo tungependa yazae mvua zinapoanza, majani yakiwa mengi, kwa hiyo maziwa mengi huja wakati mbaya wa sabuni, na jokofu ndilo linalosuluhisha magomvi hayo.

Kuhusu kuuza nitasema machache. Tunauza sokoni Lindi, tunauza kwa simu tukisafirisha kwa basi, na mwezi Agosti tunapanga meza viwanja vya Ngongo wakati wa Nane Nane. Kipande cha gramu 100 ni shilingi 2,500, na kila siku kuna anayekilinganisha na mche wa sabuni ya kufulia, akacheka. Miezi ya malipo ya korosho hacheki mtu, hata vipande vitatu vitatu vinaondoka. Baada ya hapo daftari la madeni hufunguliwa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha wajasiriamali wadogo na kuwaandikia barua za utambulisho, na tangu mwaka 2019 vipodozi vimekuwa chini ya TBS, shirika la viwango, badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo mwenye kuanza aanzie milango hiyo miwili. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, kostiki ilikosekana kabisa mjini na mizigo yetu ililala njiani. Tangu hapo tunaweka akiba ya kostiki ya miezi mitatu, kwenye ndoo zilizofungwa, kwa kuwa ikivuta unyevu hupoteza nguvu na mizani hudanganya.

Swali linalonichosha ni lile la weupe. "Dada, hii inang'arisha?" huuliza mteja, akimaanisha kuchubua. Namjibu kwamba inasafisha. Baadhi huweka kipande mezani na kwenda zao kwa muuzaji wa pili, ambaye pengine ana krimu za zebaki na haidrokwinoni zilizopigwa marufuku nchini siku nyingi, na sijaona njia ya kuwarudisha zaidi ya kutoongopa. Vivyo hivyo siiti sabuni yangu dawa ya ukurutu. Wapo wanaoniambia imewasaidia, nami nafurahi nao, lakini lebo inasema mafuta gani yamo, maziwa yamo, na uzito, basi.

Kwa sasa mjadala wa nyumbani ni beberu. Mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa, na tukimwacha tutaingiza damu moja katika zizi zima na kuanza kupata watoto dhaifu. Beberu mpya wa damu ya maziwa atatoka Masasi kwa kubadilishana, akipatikana, au Morogoro kwa kununua, pamoja na kibali cha kusafirisha mifugo na nauli ya lori, gharama inayomeza sabuni za miezi. Mume wangu anataka tusubiri fedha za korosho. Mimi nataka huyu wa sasa auzwe kabla ya Idd el-Hajj, bei ikiwa juu, kwa kuwa ni mzima, amepita mwaka, hana kilema wala pembe iliyovunjika, na mwenye kutafuta wa kuchinja hana la kumkosoa isipokuwa harufu. Mtu mmoja wa Mtama ameshaleta neno. Tumemtajia bei, naye amesema hatajibu mpaka aje na mjomba wake amkague meno.